Mwanangu hapendi kusoma: maswali mnayoniuliza kila wiki kuhusu vitabu vya watoto wa darasa la tano mpaka fomu tuu

Mie ni mwalimu wa Kiswahili hapa Tanga mjini, na nyumbani Ngamiani nina sanduku la bati limejaa vitabu, Jumamosi asubuhi watoto wa mtaa wanakuja kuazima. Kila wiki napata meseji zilezile, "mwalimu mwanangu hashiki kitabu nifanyeje", nikawa najibu mmoja mmoja mpaka vidole vinauma, sasa nimeamua kuyaweka yote pamoja. Nenda kwenye lile linalokuhusu. Nikikwambia angalia swali fulani nenda huko, sirudii maneno.

## Ya mwanzo mwanzo

1. Mwanangu hapendi kusoma kabisa, nianzie wapi?

Anzia mdomoni kwake kabla hujaenda dukani. Yaani wiki nzima wewe sikiliza tu, anapiga stori gani na wenzie, anabishana nini, ukimtuma soko la Mgandini anachelewa kwa kuangalia nini. Nilikuwa na mtoto mmoja wa darasa la sita, mama yake kaniambia huyu hata gazeti la kufungia mihogo hasomi, bas nikakaa nae kidogo nikakuta habari za mapango ya Amboni anazijua kunishinda mimi, alipelekwa na shule, na kichwani kamganda Osale Otango, yule anayesimuliwa kwamba alijificha mle ndani enzi za mkoloni askari wakamtafuta wee. Sasa mtoto wa namna hiyo unampa kitabu cha faida za usafi wa mazingira, unategemea nini? Nikampa riwaya ya mtu anayekimbizwa na polisi. Siku ya nne karudi anauliza kama kuna ya pili.

Ukimuuliza "unapenda vitabu gani" hana jibu, atajuaje na hajavionja? Muulize filamu gani umeirudia zaidi ya mara moja, nani kwenye ukoo wetu anasimulia vizuri, halafu la muhimu kuliko yote, kitu gani unakijua kuliko mwalimu wako. Hilo la mwisho mtoto akianza kulijibu usimkatishe, maana hapo ndo kitabu chake kilipo.

2. Lakini ana vitabu vya shule, si vinatosha?

Hapana. Cha kiada ni kazi, kina mazoezi mwisho wa sura na mtihani nyuma yake. Mimi naongelea kitabu ambacho akiitwa kula anajibu "nakuja" halafu haji.

3. Mbona unasema darasa la tano mpaka fomu tuu tu, wengine je?

Kwa sababu hapo ndo tunapowapoteza. Mdogo wa darasa la pili anasomewa, ana picha, ana wimbo, wote tunamshangilia. Akifika miaka 11 hivi tunasema ameshajua kusoma tunamwacha, na muda huohuo simu inaingia, mpira unaingia, tuisheni inaingia, akipanda sekondari lugha ya darasani inageuka kuwa Kiingereza (swali la 6). Akivuka miaka 15 bila kupata hata kitabu kimoja cha kumkaa moyoni, kumrudisha kunawezekana ila utatoka jasho.

4. Nitajuaje kitabu kinamfaa, kisiwe kigumu wala cha kitoto?

Kuna kipimo cha vidole, walimu wengi wanakitumia. Afungue ukurasa wa katikati, asiwe wa kwanza maana wa kwanza waandishi huwa wanauremba, asome kwa sauti ndogo, kila neno asilolielewa akunje kidole. Akikunja kimoja au hamna, ni chepesi, na chepesi si dhambi. Viwili vitatu, hapo pazuri. Vinne, kitamsumbua lakini kama anakitaka mwache. Vitano, mkono umeisha, kiwekwe pembeni arudi nacho mwakani.

Kuna kitu kipimo hiki hakikioni, nacho ni hamu. Nina kijana mmoja wa fomu wani alikunja vidole vitano na bado akakichukua, kilikuwa cha ndege za vita, akawa anarudi kila jioni na orodha ya maneno kaandika nyuma ya daftari la jografia. Hamu inavuka maneno magumu, kwa hiyo vidole ni vya kushauri, visiwe vya kukataza.

5. Kaanza kitabu kaacha katikati, nimlazimishe amalize?

Usimlazimishe. Najua wengi hapa mtanigombeza, tumekulia "ukianza jambo limalize", sawa, hiyo ni ya kufagia uwanja. Kitabu ni kama mgeni, wengine unakaa nao barazani mpaka usiku na wengine unawapa chai wanaondoka.

Daniel Pennac, mwandishi wa Ufaransa aliyekuwa mwalimu, mwaka 1992 aliandika haki 10 za msomaji, ya kwanza ni haki ya kutosoma, ya pili kuruka kurasa, ya tatu kutomaliza. Mie nilivyoziona mara ya kwanza nikasema huyu Mfaransa anatuharibia watoto, ila nikazijaribu mwaka mzima kwenye lile sanduku langu, na wanaoruhusiwa kuacha ndo waliosoma vingi. Kwangu sharti ni moja tu: kurasa 20 kwanza. Baada ya hapo ukikirudisha sikuulizi zaidi ya hili, kilikuboa wapi? Na jibu la hapo nalishika, linanipa kitabu kinachofuata.

Akiacha vitano mfululizo, hapo sasa usimlaumu mtoto, rudi swali la 1, mmekosea mlango.

## Kiswahili na Kiingereza

6. Kaingia fomu wani, shule wanasema asome Kiingereza tu. Kiswahili akiache?

Asikiache! Hili linaniudhi, ngoja nitulie niandike vizuri. Mtoto kasoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, Januari anaingia sekondari karibu kila somo ni Kiingereza, kitu alichokuwa anakijua vizuri sasa anakikuta kimevaa nguo ngeni. Ukimnyang'anya na starehe ya kusoma kwa lugha anayoielewa unakuwa umezima taa mbili kwa mkupuo mmoja. Kusoma ni mazoea, na mazoea yanajengwa na kitabu unachokielewa, ukishayazoea macho yanakimbia yenyewe kwenye lugha yoyote. Kuna shule moja (siitaji) iliwahi kuweka kibao cha adhabu kwa anayekutwa na riwaya ya Kiswahili mapumziko, na mwisho wa mwaka mkuu anashangaa Kiingereza hakijapanda, kipande kwa ngazi ipi?

Cha kufanya, viende viwili pamoja. Kiswahili kinene cha kujifurahisha, Kiingereza chembamba cha kujikongoja.

7. Vitabu vya Kiingereza anavyoviweza vina picha za watoto wadogo, anaona aibu wenzie wakimwona.

Ana haki ya kuona aibu, miaka 14 unatembea na kitabu chenye kondoo jaladani? Tafuta vile vilivyopunguzwa lugha lakini stori ni ya wakubwa, upelelezi, safari, watu maarufu, nyuma huwa vimeandikwa kiwango, level 1, level 2 na kuendelea, kwenye vitabu vya mitumba vimejaa na wauzaji wenyewe hawajui wanachouza. Njia nyingine, mpe kazi ya kumsomea mdogo wake kila jioni. Hapo kondoo hana aibu tena, yeye ndo mwalimu, na Kiingereza kinaingia kimyakimya.

8. Shaaban Robert si ni mtoto wa hapa kwetu, nimwanzishie huyo?

Ni wetu kweli, kazaliwa Vibambani mwaka 1909 na kaburi lake lipo Machui hapo, mpeleke mtoto siku moja kwa baiskeli, ni kitu kingine kabisa kujua kwamba mwandishi alikuwa mtu aliyepita njia hizihizi. Lakini kuanza nae, inategemea unaanza na kipi. Ukimpa mtoto wa darasa la saba insha zake atalala, Kiswahili chake kina maneno ya kizamani na sentensi zinazopanda na kushuka kama jahazi kwenye bahari ya kusi.

Mwanzishie Adili na Nduguze. Ni kifupi, kina mfalme, kina majini, kina ndugu wawili wenye husuda waliogeuzwa manyani na mtu anayetakiwa awachape kila usiku huku roho inamuuma. Msomee kurasa za mwanzo wewe mwenyewe kwa sauti, ukifika kwenye manyani funga kitabu, sema umechoka, nenda kalale. Mimi hii nimeifanya darasani na nimekuta asubuhi wamegombania nakala.

Kusadikika iache mpaka fomu tuu mwishoni, mpaka awe na hasira kidogo na wakubwa, hapo Karama akisimama mbele ya baraza kujitetea atamwelewa.

## Kuvipata

9. Hapa Tanga vitabu vya hadithi napata wapi? Madukani naona vya mitihani tu.

Kweli, steshenari nyingi zinauza kinachotembea haraka, na kinachotembea ni vya kiada na maswali ya mitihani iliyopita. Wewe anza na maktaba ya mkoa pale mjini, lile jengo la tangu ukoloni lililopewa jina la King George wa Sita, wengi tunalipita kila siku tunadhani ni ofisi. Ingia na mtoto mwenyewe, ulizia uanachama wa watoto na taratibu za kuazima, halafu mwache azunguke kwenye rafu peke yake nusu saa. Usimchagulie. Hiyo nusu saa ya kuzurura ina faida kuliko kitabu atakachotoka nacho.

Pili, mitumba inayopangwa chini kwenye turubai. Bei ni ya kuelewana, lakini angalia kurasa za mwisho kama zipo, hakuna kinachouma kama riwaya ya upelelezi isiyo na mwisho, nimelia.

Tatu, Dar. Wachapishaji kama Mkuki na Nyota au E & D Vision wana vya watoto na vijana, mkiungana wazazi watano mkaagiza pamoja kifurushi kinakuja na basi nauli mnagawana. Pia vipo vilivyotoka kwa msaada wa Mradi wa Vitabu vya Watoto, ule ulioanza 1991, vingi viligawiwa mashuleni, na ukiuliza vizuri utakuta shule yenu inavyo, vimefungiwa kabatini kwa ofisi ya taaluma "visichafuke".

10. Sina hela ya vitabu, naomba ukweli.

Ukweli ni kwamba huhitaji vingi, unahitaji vinavyozunguka. Sanduku langu lilianza na vitabu 11, vinne havina jalada. Chukueni familia sita mtaani, kila moja itoe viwili, mnapata 12, kila Jumamosi vinabadilishana nyumba. Daftari moja la kuandika nani kachukua nini. Wanasema Tanga waja leo waondoka leo, na vitabu ndo hivohivo, kwa hiyo hilo daftari asimamie mtoto mkali, usimpe mpole. Kwangu anasimamia binti wa fomu wani, hata mimi nikichelewesha ananidai.

11. Kusoma kwenye simu nako kunahesabika?

Kunahesabika. Hadithi ni hadithi. African Storybook ina hadithi nyingi za Kiswahili za bure, unazishusha ukiwa na bando unasoma bila bando, ila nyingi ni fupi za wadogo, kwa huyu wa miaka 12 zinafaa kwa ile kazi ya swali la 7. Taasisi ya Elimu nao wana maktaba mtandao ya vitabu vya shule.

Shida ya simu si kioo chake, ni meseji zinazogonga katikati ya sentensi. Weka ile hali ya ndege, dakika 20, halafu umrudishie maisha yake.

Zile PDF za riwaya nzima zinazopitishwa kwenye magrupu ya WhatsApp mie sizitumi hata mkiniomba, mwandishi wa Kiswahili anakula kwa taabu tayari.

12. Sisi tuko Pangani ndani ndani, maktaba ya mkoa ni safari.

Mfumo wa swali la 10 unafanya kazi vizuri zaidi vijijini kuliko mjini, watu mnajuana, kitabu hakipotei. Na maktaba mnayo nyingine, wazee. Mtoto akae na bibi au mvuvi mzee anayesimulia, aandike ile stori kwenye daftari kwa maneno ya huyo mzee, aisome kwa wenzie. Atakuwa na kitabu ambacho hakuna mwingine duniani mwenye nacho. Nilipewa daftari moja la namna hiyo kutoka upande wa huko, linaazimwa kuliko riwaya zangu za dukani.

## Aina za vitabu na ugomvi wake

13. Anataka katuni na mpira tu.

Mpe katuni na mpira. Katuni ina maneno, ina mtiririko, mtoto anasoma uso wa mtu na maneno yake pamoja, si kazi ndogo hiyo. Wa mpira mpe kurasa za michezo za gazeti la jana, halafu maisha ya mchezaji, kutoka hapo maisha ya mtu mwingine yeyote aliyetoka chini, ndo tunavyosogea, hatua fupifupi. Anayependa vita mwambie kwamba Novemba 1914 Waingereza walikuja na meli kuichukua Tanga kwa Wajerumani, wakapigwa hapahapa mjini, na kwenye yale mapigano nyuki waliwatokea watu wakawatawanya, mpaka leo Waingereza wanayaita vita vya nyuki. Nimewahi kuwaambia darasa hilo tu nikanyamaza, mapumziko wanne walinifuata wanataka kitabu.

14. Mwanangu wa kiume anasema kusoma ni mambo ya wasichana.

Anasema hivo kwa sababu hajawahi kumwona mwanaume anasoma kitu ambacho si meseji. Baba, mjomba, kaka, dereva bajaji wa jirani, tafuta mmoja akae kibarazani na kitabu robo saa, asihubiri, asome tu. Kwa kijana wa aina hii mimi huwa natoa upelelezi kwanza. Bwana Msa na kiko chake, wa Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ilitoka 1960 na bado inavuta, Kiswahili cha Unguja kitamchekesha, na akiwa fomu tuu kuna za wapelelezi Joram Kiango na Willy Gamba ila hizo zipitie wewe kwanza, zina damu na zina mabaa.

15. Nimemkuta binti yangu anasoma hadithi za mapenzi kajificha chini ya mto. Nimnyang'anye?

Ukimnyang'anya atatafuta nyingine na safari hii hutaiona. Tulia, kisome wewe usiku ujue ni nini hasa. Kama ni mapenzi ya kawaida, barua, machozi, mama mkwe mkorofi, mrudishie na umuulize huyo kijana kwenye hadithi unamwonaje, anamfaa yule dada? Dada mmoja mtaani kwetu aliniambia mazungumzo ambayo alikuwa anayaogopa miaka miwili yalianzia kwenye kitabu cha namna hiyo, kwa sababu waliongelea mtu wa kwenye karatasi na si binti mwenyewe.

Kama ni matusi matupu yaliyochapishwa, hapo mwambie wazi kwamba hiki hapana na kwa nini, na siku hiyohiyo mpe kingine chenye mapenzi ndani lakini kilichoandikwa na mtu mwenye adabu ya kalamu. Ukimwacha mkono mtupu umempoteza.

16. Vitabu vya majini na vitisho vitamharibu?

Tanga na majini tena? Kayasikia tangu yuko tumboni. Kama halali usiku, punguza. La sivyo mwache.

17. Yeye anasoma vya dini tu, madrasa. Hiyo ni kusoma kwa kujifurahisha?

Kama anaifurahia ndiyo. Visa vya mitume vina safari, visima, ndugu wabaya, nyangumi, utamwambia nini mtoto? Na watoto wa madrasa wana kitu wenzao hawana, sikio. Wamezoea maneno yenye mapigo. Hao wape tenzi, mizani nane nane kila kipande na kina kinachojirudia, wataisoma kwa sauti kama kasida bila kuambiwa. Mmoja alikuwa haongei darasani, nikampa utenzi, wiki ya pili anaughani uwanjani wenzie wamemzunguka. Ukitaka kumpanua baadae, utenzi ni daraja zuri la kumvusha kwenye hadithi nyingine.

18. Vitabu vyote naona vya Ulaya, theluji na mbwa wa ndani. Vina tatizo?

Peke yake vina tatizo, vikichanganywa havina. Mmarekani Rudine Sims Bishop mwaka 1990 alisema kitabu ni kioo na pia ni dirisha, na saa nyingine ni mlango wa kioo unaousukuma ukaingia. Dirishani mtoto anawaona wengine, kiooni anajiona. Mtoto wa Makorora aliyesoma madirisha matupu anaanza kuamini watu wa kwenye vitabu ni watu wengine, hawali mihogo ya nazi, hawapandi baiskeli wawiliwawili. Kwa hiyo kila theluji moja mtafutie na vumbi moja.

## Kwa walimu

19. Nina wanafunzi 70 na vitabu 40 vya hadithi, nifanyeje?

Wewe tajiri, mwenzio nilianza na 11. Panga madawati makundi makundi, vitabu vitano mpaka sita kila kundi, wakae wawili wawili kwa kitabu. Dakika mbili tu: jalada, maneno ya nyuma, ukurasa wa kwanza. Unapiga makofi, kitabu kinahamia kwa wenzao wa pembeni. Kila mtu kwenye daftari ana mistari mitatu, "nakitaka", "labda", "hapana", anaandika jina la kitabu panapohusika. Vikizunguka kundi zima unahamisha rundo. Kipindi kimoja mtoto kaonja vitabu zaidi ya kumi na kila mmoja ana orodha yake ya foleni, na wewe umejua ni vipi vinagombewa uviwekee ulinzi.

Halafu anza kila kipindi kwa kusoma kwa sauti dakika tano. Utasema silabasi haiishi. Haiishi hata ukiacha kusoma.

20. Niwape muhtasari waandike ili nijue wamesoma kweli?

Ukitaka waache kusoma, ndiyo. Muulize mtoto angemwazima nani kitabu hiki na kwa nini, utajua ndani ya nusu dakika kasoma au kadanganya. Zawadi za peni na pipi kwa idadi ya vitabu nazo nilijaribu, wakawa wanachukua vyembamba tu, nikaacha.

## Kesi za pembeni

21. Anapenda hadithi akisimuliwa ila akisoma mwenyewe anachoka, anaruka mistari, herufi zinamchanganya.

Apimwe macho kwanza, wangapi tumewaita wavivu kumbe hawaoni ubao. Macho yakiwa mazima na bado maneno yanamcheza, anasoma neno lilelile vizuri juu na chini analikosea, inaweza kuwa disleksia, haihusiani na akili, waone walimu wa elimu maalumu wamtazame. Huku nyuma hadithi zisikatike, msomee, au msome pamoja yeye akifuata kwa kidole, na kitabu kiwe na herufi kubwa na mistari iliyoachana. Na tafadhali asisimamishwe mbele ya darasa kusoma kwa sauti bila kujiandaa.

22. Mimi mzazi mwenyewe kusoma ni kwa shida.

Mwambie akusomee wewe. Unakaanga maandazi, yeye kwenye kigoda anasoma, wewe unauliza "ehe, ikawaje?" Hilo "ikawaje" lina nguvu kuliko cheti changu. Mama mmoja muuza samaki kaniletea kitabu mkononi Jumamosi, mtoto anaumwa, anataka nimwambie mwisho maana walibaki sura moja na yeye hawezi kusubiri.

23. Anarudia kitabu kilekile mara ya nne sasa.

Mwache, ipo hata kwenye zile haki za swali la 5. Ukiona imefika ya saba mtafutie kingine cha mwandishi huyohuyo, kiweke tu karibu na anapolala, usiseme neno.

24. Anasoma kupita kiasi, vyombo haoshi, na anasoma mpaka usiku wa manane.

Hili ni swali linaloletwa kwa kujisifu mjue, mie nawajua. Vyombo aoshe. Usiku taa izimwe saa fulani, lakini umruhusu amalize sura, kukatisha mtu katikati ya sura ni ukatili.

25. Kaazima kitabu cha mtu kimelowa maji ya bahari, tumweleze nini mwenyewe?

Kwanza ukweli, maana harufu ya chumvi itawasema. Halafu usikianike juani moja kwa moja, kitajikunja kama dagaa. Kama ni chumvi kweli, kikipitisha haraka kwenye maji safi kikiwa kimefungwa kinasaidia kuitoa, ila si vile vyenye karatasi za kung'aa, hizo zinagandana. Kiminye taratibu kwa taulo, weka karatasi nyeupe zisizo na wino kila baada ya kurasa chache, usitumie gazeti litaacha rangi, kikae kivulini penye upepo, karatasi uzibadilishe kila zikilowa. Kikikaribia kukauka kiweke chini ya kitu kizito, kwangu hukaa chini ya jiwe la kusagia, siku mbili tatu.

Kitatoka kimevimba lakini kinasomeka. Mimi ninacho kimoja kilianguka Raskazone kwenye kugombania nani asome kwanza, sijakitoa sandukuni, na watoto wanakiita kile cha baharini, kina foleni ya watu sita.